Mabamba Yaliyopakwa Mafuta

Katoro,
8 Septemba 2024

Mdogo wangu Limi,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana nakujua, kalamu yako ni nzito. Hapa nyumbani tu wazima. Mariana anakusalimu sana, anasema wifi yake wa Dodoma amekuwa kama mvua ya Kishapu, kila siku tunaambiwa iko njiani. Mama nilikwenda kumwona Mhunze mwezi uliopita. Magoti yanamsumbua lakini ulimi haujambo. Alinigombeza mbele ya wageni kwa vidole, kwa kuwa ameshajua kwamba nisiposikia ninaona.

Masikio yangu ni yale yale. Tangu baruti ilipolipuka kule duarani, kwenye shimo la dhahabu tulipokuwa tunachimba, daktari alishasema kilichokwenda kimekwenda. Simu nimemwachia mke wangu, kiziwi na simu wapi na wapi. Kwa hiyo wewe na mimi tuendelee na karatasi. Makondakta wa basi wananifahamu, wanafikisha.

Sasa habari yenyewe. Nimepata kazi kwenye daraja jipya la mto Nyambogo. Nilianza kwa kubeba mawe, na sasa nimepewa kikosi cha bolti nikisimamie. Mhandisi wa pale anaitwa Onesmo, kijana mpole. Juzi alikunjua mchoro wa viungo vya mihimili, akaweka kidole pembeni kwenye jina la aliyepiga hesabu. Nikasoma mara mbili. Lilikuwa jina lako. Nikamwambia Onesmo, huyu nimembeba mgongoni. Nadhani nilipayuka, kwa kuwa kila mtu aligeuka.

Unaujua mto huu. Kila masika unachukua mtu anayevuka kwenda sokoni. Mwaka jana ulimchukua fundi baiskeli wa mtaani kwetu, na watoto wake bado wapo hapa wanazurura. Watu wanalisubiri daraja hili kwa hamu, na wakiniona njiani wananiita Baba Daraja.

Nina swali. Mahali mhimili mmoja unapoungana na mwenzake umeweka bolti nyingi kuliko meno ya mamba. Bolti tatu nene zisingetosha? Vijana wangu wananiuliza, na mimi sipendi kujibu kwamba ndivyo mchoro unavyotaka.

Kaka yako,
Maganga


Dodoma,
27 Septemba 2024

Kaka Maganga,

Shikamoo. Umeniitikia nikiwa bado sijaamka kitandani, lakini adabu ni adabu. Mimi ni mzima, kazi nyingi, jua kali. Mwambie wifi mvua itafika mwezi wa kumi na mbili. Mama nilizungumza naye Jumapili, alilalamika kwamba ulikula wali wote ukawaacha wageni wanaangalia sahani.

Nilipoambiwa mkandarasi ameajiri watu wa Katoro sikufikiri hata kidogo kwamba utakuwa wewe. Nimeibandika barua yako ukutani ofisini.

Swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa hapa. Watu wanadhani bolti inabeba daraja kama msumari unavyobeba kofia ukutani. Siyo hivyo. Pale penye kiungo tumeweka mabamba ya chuma, moja huku na moja huku, mhimili katikati. Kazi ya bolti ni kuyabana tu. Ukiyabana sana, chuma kinashikana na chuma kwa msuguano, na ni msuguano huo unaobeba lori. Kandamiza viganja vyako viwili kwa nguvu kisha mwambie Mariana avute kimoja. Atahangaika. Bolti zikiwa nyingi, mabamba yanabanwa kila mahali sawasawa, na hakuna kinachosogea hata unywele.

Ndiyo maana spana ya kupima ni muhimu. Nati ikifika kwenye alama, acha. Isipofika, usiseme inatosha. Bolti iliyolegea haina kazi hata kama ni nene kama paja.

Nafurahi kwamba ni mikono yako. Sikuwahi kukuambia hivyo, lakini nafurahi.

Mdogo wako,
Limi


Katoro,
24 Novemba 2024

Mdogo wangu Limi,

Marahaba, na hujambo. Sisi hatujambo. Mtoto wetu Aneth ameng'oka jino la mbele na anaringa nalo. Mariana alifanya mchezo wako wa viganja, akashindwa, akaniuma.

Daraja limefunguliwa, mdogo wangu. Walikuja viongozi, ngoma ilipigwa, mimi niliisikia kwa nyayo. Kina mama wa soko walivuka wa kwanza wakiwa na beseni kichwani, wengine wanalia. Mzee mmoja alishika mhimili akauombea. Kisha likapita lori la mawe ya dhahabu kwenda kwenye makarasha yanakosagwa, na mengine nyuma yake, kwa kuwa sasa hawazunguki tena. Mimi nilisimama pembeni nimevaa shati la kanisani.

Nataka ujue nilivyokufanyia kazi yako. Mabamba yale ya viungo yalikaa uwanjani muda mrefu yakisubiri winchi, mvua za kwanza zikayakuta, yakaanza kutu. Onesmo alikuwa amesafiri. Alikuwa ameniambia nyuso za mabamba zisipakwe rangi, na sikupaka. Lakini ningewezaje kuyafunga na kutu yake? Nilinunua mafuta ya ng'ombe, nikayayeyusha, nikayasugua mabamba yote ndani na nje jinsi Baba alivyokuwa anafanya plau kabla ya kuliweka ndani. Unakumbuka alivyotuchapa mwaka ule tulipolisahau? Nikayafuta kwa tambara mpaka yakang'aa, ndipo tukafunga. Kila nati ilifika kwenye alama, nilizipima mwenyewe. Hakuna kutu itakayoingia humo, hata wajukuu wa Aneth watalikuta.

Mariana anasema lori zito likipita daraja linalia, mlio mmoja kama bunduki, halafu kimya. Watu wamezusha kwamba ni wale waliochukuliwa na mto. Mimi sijui, labda ni chuma kinajinyoosha. Ungeniambia nini cha kuwajibu.

Wabeja sana, asante kwa hesabu zako.

Kaka yako,
Maganga


Dodoma,
30 Novemba 2024

Kaka Maganga,

Shikamoo. Natumaini nyote ni wazima, na Aneth, na Mariana. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Nilishika simu nimpigie Mariana nikaiweka, kwa sababu jambo hili halifai kukufikia kwa ishara za mikono ya mkeo. Naiandika sasa hivi na naipeleka stendi mwenyewe. Tafadhali ukishaisoma usiiweke kando.

Mafuta yale yameondoa msuguano. Chuma kikavu, hata chenye kutu kidogo iliyopigwa brashi, kinashikana vizuri. Chuma kilichopakwa mafuta, hata ukifuta mpaka king'ae, kinateleza. Ungekandamiza viganja vyenye mafuta, Mariana angevuta akashinda.

Mlio anaousikia si wa wafu. Matundu ya bolti huwa mapana kidogo kuliko bolti zenyewe. Lori zito lilipopita, mabamba yaliteleza mpaka bolti zikagonga ukingo wa tundu. Ndio huo mlio kama bunduki. Sasa bolti zinabeba zenyewe, kama ule msumari wa kofia. Nimepiga hesabu tangu jana. Daraja halitaanguka kesho. Watu wa miguu hawana shida, bodaboda hazina shida. Lakini yale malori ya mawe, kila siku, kwenda na kurudi, yatazitikisa bolti mpaka nati zilegee na chuma kianze kupasuka kwenye matundu. Lini, siwezi kusema. Hakuna anayeweza.

Malori yasipite, kaka. Mabamba lazima yafunguliwe, yasuguliwe, yafungwe upya kwa bolti mpya.

Sasa naomba kitu kigumu. Nenda kwa Onesmo useme wewe. Ukisema wewe, umeliokoa daraja. Nikisema mimi kutoka huku, watasema mwizi amekamatwa. Nasubiri barua yako. Usinyamaze.

Limi


Dodoma,
17 Desemba 2024

Kaka Maganga,

Shikamoo. Hujanijibu. Mama anasema hana habari zako, na simu ya Mariana inaita bila kupokelewa.

Nimekiogopa kimya chako. Jana nimeingia kwa mkuu wangu nikamweleza habari ya mafuta na habari ya mlio. Sikumwonyesha barua yako, na sikutaja jina lako. Najua utatajwa huko huko.

Watu wa ofisi wanatoka leo kuja kulikagua. Sitaki uwaone kabla hujasoma kwangu, lakini nadhani watafika kabla ya karatasi hii.

Nisamehe au usinisamehe, lakini niandikie.

Limi


Katoro,
19 Januari 2025

Limi,

Sisi hatujambo. Mama hajambo.

Walifika kabla ya karatasi yako ya mwisho. Lakini ile ya kabla yake niliipata mapema. Niliisomea sokoni, nikakaa juu ya gunia la mtu. Ukitaka kujua kwa nini sikujibu, kila nilipoanza kuandika nilijikuta nakutukana, nikachana. Nilikasirika sana. Barua nzima umenieleza bolti na nati na alama, na neno moja la mafuta hukuniambia. Wewe ulilelewa nyumba moja na mimi. Wewe ndiye uliyekuwa unashika kopo la mafuta, mimi napaka.

Hata hivyo asubuhi yake nilikwenda kwa Onesmo, nikamwambia kwa mdomo wangu kila kitu. Akawa anazunguka meza. Mwishoni akaniandikia kwenye kipande cha karatasi kwamba tusubiri wakubwa warudi, tusizue hofu. Nikamwambia malori hayasubiri. Akanionyesha mlango, kwa upole wake.

Basi nikaenda mwenyewe. Nilivingirisha mawe mpaka njia ikabaki ya mtu na bodaboda, nikasimama katikati. Mariana alisimama nyuma yangu ameshika shati langu, akawa analivuta kila honi inapopigwa kutoka upande nisioutazama. Simu alikuwa akiiacha nyumbani, ndiyo maana hukumpata. Madereva walinitukana, na hapo uziwi ulinifaa. Mmoja alishuka na spana ya magurudumu, Mariana akaenda kusimama mbele yake. Jingine lilitupita kwa nguvu, likasukuma mawe. Nikaweka kiganja kwenye kiungo. Chuma kiliruka chini ya mkono wangu, Limi. Kama ng'ombe unapomgusa kidonda. Kabla ya hapo nilikuwa na wazo dogo kwamba labda umekosea hesabu.

Siku zote hizo kina mama walipita kwa miguu, kama ulivyoandika kwamba hakuna shida.

Ndipo wakaja watu wako na kanda zao za kupimia. Nilijipiga kifua nikawaambia ni mimi, mafuta ni yangu, msimtafute mwingine. Wakaandika. Wakapandisha ngazi, wakaona nati zilizozunguka, wakatikisa vichwa. Kazi nilikuwa nimeshaipoteza kabla hawajashuka ngazi, na silii kwa hilo. Lakini wakaleta mabati, wakapigilia huku na huku, asipite mtu. Hata wa miguu. Nikawauliza wa miguu kwa nini. Mmoja alijibu kitu kirefu na Mariana hakuweza kukitafsiri kwa mikono.

Mtaani wakasema Baba Daraja ameliharibu daraja. Wengine wakasema nimelogwa, hao walikuwa ndio marafiki.

Siku ya soko, mwanzoni mwa mwezi huu, mvua ilinyesha juu huko. Watu wakaingia majini wameshikana mikono kama zamani. Alikuwepo Ghati, yule mama wa Kikurya anayeuza dagaa karibu na mashine ya kusaga, mke wa Wiliam fundi seremala wa ng'ambo. Beseni lilimyumbisha, akaachia mkono wa mwenzake. Walimpata kwenye matete.

Sikwenda msibani. Nilifika mpaka kwenye michongoma ya ua wao nikarudi. Siogopi kupigwa. Naogopa kwamba nitamwambia Wiliam kilichotokea, kisha nitasimama pale namwangalia midomo inavyocheza, nisijue amenisamehe au amenilaani. Mariana hawezi kunisaidia, yeye na Ghati walikuwa wakisukana nywele. Akifika pale analia tu.

Ninakuuliza mambo mawili, na usinifiche. Uliandika kwamba wa miguu hawana shida. Nani aliwafungia? Na kwenye hesabu zako, Ghati umemweka wapi?

Maganga


Dodoma,
27 Januari 2025

Kaka Maganga,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana. Sikwenda kanisani wala sikula, nilikaa nayo. Mama nimempigia, anajua kuhusu Ghati. Ameniambia nisikuandikie maneno mengi.

Nakujibu la kwanza. Ni mimi. Mkuu wangu aliniuliza kama niko tayari kuweka saini kwamba watu wa miguu waendelee kupita. Nilikuwa nimekuandikia wewe kwamba hawana shida, na ilikuwa kweli, nilikuwa nimepiga hesabu. Lakini kukuandikia wewe kaka yangu ni jambo moja na saini ni jambo lingine. Nilifikiria mafuta yale, nikafikiria siku ya soko daraja limejaa watu, nikaona sijui kwa hakika msuguano umebaki kiasi gani. Nikasema siwezi. Wakaandika lifungwe kwa wote. Nilijua mvua kubwa zinakuja. Mto ninaujua. Niliuweka upande mmoja kwa sababu haukuwa kwenye karatasi niliyoulizwa. Katika barua yangu ya mwisho sikukuambia hilo, nikakuambia tu kwamba wanakuja.

La pili. Ghati hayumo. Nimetafuta mahali pa kumweka. Kuna mahali pa uzito wa lori, pa upepo, pa joto linalotanua chuma, hata pa kosa la fundi kwa kiasi fulani. Mtu anayezama kwa kuwa daraja limefungwa hana mahali.

Na la mafuta uliloninunia, una haki. Michoro yangu ilikataza rangi tu. Niliandika kama vile watakaoisoma hawana nyumbani kwao walikotoka. Kopo nililishika mimi, na nilipokuwa nachora sikukumbuka.

Leo nimeweka saini. Watu wa miguu watapita kuanzia Jumatano, wachache wachache, na mtu wa kuwahesabu mlangoni. Hesabu ni zile zile nilizokuwa nazo mwezi wa kumi na mbili. Hakuna namba hata moja iliyobadilika. Bolti mpya ziko njiani, mabamba yatafunguliwa mto ukipungua, na nimeomba niwepo.

Lakini sitasubiri hiyo. Kesho napanda basi, nitalala Nyahanga kwa binamu, keshokutwa nashuka Katoro. Usimwambie Mariana apike.

Kwa Wiliam usiende peke yako. Nisubiri twende wote. Wewe utasema la kwako, mimi nitasema la saini, kisha nitakaa kando yako na karatasi juu ya goti. Lolote atakalolijibu nitakuandikia neno kwa neno, sitapunguza, hata akitulaani. Ukimaliza kusoma ndipo tutanyanyuka.

Mdogo wako,
Limi